Baba ameniambia nisiipeleke karatasi ya daktari chuoni

Shangazi, asalaam aleikum.

Mimi ni msichana wa miaka 21, nipo mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Kampala. Nyumbani kwetu ni Bombo, na nimekulia kwenye Kinubi na Kiswahili.

Likizo iliyopita daktari wa magonjwa ya akili aliniambia nina usonji, ambao kwa Kiingereza huitwa autism. Nilikuwa nimepelekwa kwake kwa sababu nyingine: nilikuwa silali, chakula hakipiti, na nilianza kukwepa mihadhara. Aliniuliza maswali mengi, akamwita Mama aeleze nilivyokuwa utotoni, mwishowe akaandika karatasi. Karatasi hiyo imo sandukuni mwangu hosteli mpaka leo.

Ukumbi wetu wa mihadhara unajaa watu mia kadhaa. Kipaza sauti kinakoroma, nyuma wanapiga soga, nje jenereta linaunguruma. Nawasikia wote kwa pamoja isipokuwa mhadhiri. Ratiba nayo hubadilishwa kwa ujumbe wa WhatsApp asubuhi ileile. Wenzangu huinuka tu wakahamia ukumbi mwingine. Mimi nikishaambiwa hivyo, siku hiyo imeniharibikia. Naweza kusimama mlangoni nikashindwa kuingia.

Kazi za muhula kwetu ni alama 40 kati ya 100, na nyingi tunafanya kwa makundi. Muhula uliopita tuligawana sehemu. Walipoleta zao zilikuwa na makosa, rejea zimeandikwa ovyo. Nikazikalia usiku, nikaziandika upya zote, nikawasilisha. Tulipata alama nzuri kuliko makundi mengine. Badala ya kushukuru walinitoa kwenye kikundi cha WhatsApp, na sasa hakuna anayetaka kunichukua. Kosa langu silioni.

Kisha mtihani wa takwimu. Majibu nilikuwa nayo, Shangazi. Lakini taa ya juu yangu ilikuwa inawaka na kuzima, msimamizi anapitapita na viatu vinavyogonga sakafu, mpaka nikahisi kichwa kinapasuka. Nikakabidhi karatasi nusu tupu nikatoka. Sasa nina riteki, yaani kurudia mtihani, ya somo ambalo nawafundisha wenzangu hosteli! Nilipomwendea mhadhiri kumweleza, akaniambia, "Kiingereza unaongea vizuri hivi, wewe una ulemavu gani? Na ukizungumza na mkubwa, mtazame usoni."

Baba ni mwanajeshi mstaafu. Anasema nikiipeleka ile karatasi ofisini jina langu limekwisha, nitaitwa mgonjwa wa akili na kazi ya serikali nisahau. Mama anataka nikasomewe. Nimesoma kwamba huko Uingereza wanafunzi kama mimi hulipiwa mtu wa kuwasaidia kupanga masomo yao, na vyuo vina vyumba vya utulivu. Hapa sijui hata mlango wa kuanzia.

Naomba unijibu waziwazi, na tafadhali usinipe methali, maana huwa sijui nizifanyie nini. Niipeleke au nisiipeleke?

Mwenye karatasi, Kampala


Waaleikum salaam, binti yangu.

Ipeleke. Peleka nakala, yenyewe ibaki sandukuni, na uipeleke kwenye ofisi moja tu. Iende pamoja na barua fupi inayosema unahitaji nini. Karatasi pekee itakupatia pole, na pole haikufaulishi takwimu.

Nianze na Baba, kwa sababu naona yeye ndiye aliyekufungia hilo sanduku. Hofu yake haikutoka hewani. Hapa kwetu mtu akitaka kumtukana mwenzake humwambia aende Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, na hospitali hiyo imekuwapo tangu 1955 ikitibu watu wakapona wakarudi makazini. Baba ameyasikia hayo maisha yake yote, tena kambini ambako habari haikai siri. Lakini amechanganya mambo mawili. Usonji si wazimu, wala si ugonjwa ulioupata chuoni. Umezaliwa nao, ni namna ubongo wako unavyopokea sauti, mwanga, maneno na mabadiliko. Na kuhusu kazi, mwulize hivi kwa adabu: mwajiri ataona nini? Ataona transkripti. Transkripti inaandika masomo na alama; haiandiki kwamba mtihani uliufanyia chumba kidogo. Ukikaa kimya, kitakachoonekana ni zile alama za chini, na hizo ndizo zitakazokunyima kazi anayokutakia.

Mwambie pia kwamba Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, na taarifa za afya zimewekwa katika kundi la zile zinazolindwa zaidi. Andika mwishoni mwa barua yako kwamba jina la hali yako libaki ofisini, na wahadhiri wapewe tu yale wanayopaswa kuyafanya. Mhadhiri hahitaji kujua una nini ili akutumie slaidi mapema.

Sasa huyo mhadhiri wako na Kiingereza chako kizuri. Amekosea, lakini hayuko peke yake. Wengi wetu tukisikia ulemavu tunatafuta kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 haikukomea hapo. Inatazama kama kasoro ya mwili, ya akili au ya hisi, ikikutana na vikwazo vya mazingira, inamzuia mtu kushiriki sawa na wenzake. Soma tena barua yako: ukumbi, jenereta, taa, ratiba ya ghafla. Umeandika vikwazo vya mazingira mstari baada ya mstari bila kujua. Juu ya hiyo kuna Katiba ya 1995, ibara ya 35, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008. Ibara yake ya 24 inataja elimu ya juu kwa jina na kutaka mwanafunzi afanyiwe marekebisho yanayofaa.

Lakini usiingie ofisini na sheria mkononi. Ofisa anayesomewa sheria na mwanafunzi wa mwaka wa pili hujifunga mara moja, tumewaona. Zikae akilini mwako zikupe ujasiri wa kuketi kwenye kile kiti, uzitoe tu ukikataliwa.

Na usiikodolee macho Uingereza. Ni kweli kuna posho ya wanafunzi wenye ulemavu huko, na inaweza kumlipia mwanafunzi msaidizi wa kukutana naye mara kwa mara. Ila hata huko mtu hujaza fomu, hupeleka ushahidi, husubiri. Ukiomba chumba cha utulivu kwenye chuo ambacho wanafunzi wanasomea ngazini kwa kukosa viti, utakataliwa pamoja na yale ambayo ungepewa. Omba vitu visivyogharimu. Bahati yako, vingi unavyohitaji havina gharama.

Mlango wa kuanzia hutofautiana. Vyuo vingine vina ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu au mahitaji maalumu. Vingine mzigo huo umewekwa kwa mkuu wa wanafunzi (Dean of Students). Makerere wana kituo chao cha ushauri nasaha, na Kyambogo wamekuwa wakifundisha walimu wa elimu maalumu kwa miaka mingi. Chuo chako hukukitaja, na ulifanya vizuri, kwa hiyo nenda kwa mkuu wa wanafunzi uulize swali moja: "Nani anashughulikia wanafunzi wenye mahitaji maalumu?" Utaelekezwa. Kama kuuliza kwa mdomo kunakushinda, andika baruapepe. Hakuna sheria inayosema msaada uombwe ana kwa ana.

Jambo moja ulijue mapema, usije ukakata tamaa siku ya kwanza. Ofisi hizi si ngeni kwa ulemavu. Kila mwaka serikali inatenga nafasi 64 katika zile 4,000 za ufadhili kwa wanafunzi wenye ulemavu. Ila mazoea yao ni breli, wakalimani wa lugha ya alama na njia za viti vya magurudumu. Mwenye usonji anayejieleza vizuri na kutembea bila shida anaweza kuwakuta hawana la kumwambia. Wakikuuliza, "Sasa tukusaidie nini?" wengine hudhani wanadharauliwa, wakaondoka wakilia. Mara nyingi swali hilo ni la kweli: hawajui. Ndiyo maana barua inabidi ijibu kabla hawajauliza.

Iandike kwa Kiingereza maana ndiyo lugha ya ofisi, lakini ujumbe wenyewe uwe kama huu:

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, programu fulani, namba yangu ya usajili ni hii. Nina usonji, na nakala ya ripoti ya daktari nimeiambatisha. Kelele na mwanga unaomulika vinanizuia kufikiri, na mabadiliko ya ghafla yananivuruga. Muhula uliopita nilitoka katika mtihani wa takwimu kwa sababu hiyo. Naomba nifanyie mitihani katika chumba kidogo chenye wanafunzi wachache na niongezewe muda. Niruhusiwe kuketi karibu na mlango kwenye mihadhara na kutoka kidogo inapobidi. Nipate slaidi kabla ya mhadhara au niruhusiwe kurekodi sauti. Na ratiba inapobadilika, mratibu anitumie ujumbe mapema kadiri inavyowezekana. Naomba jina la hali yangu libaki ofisini kwenu, na wahadhiri wapewe tu yale wanayopaswa kuyafanya. Naomba kukutana nanyi wiki hii, au kujibiwa kwa maandishi."

Basi. Usiongeze historia ya utotoni wala habari za wenzako wa kundi. Ombi la mtihani ndilo zito kuliko yote, na ndilo rahisi kulielewa, kwa sababu hata UNEB, baraza la mitihani la taifa, huwapa muda wa ziada watahiniwa wenye mahitaji maalumu kwenye mitihani ya sekondari. Ofisa anayekumbuka hilo hatashangaa. Lakini chumba na msimamizi vinapangwa, havitokei siku ya mtihani. Mitihani ya muhula wa kwanza huja Novemba na Desemba, kwa hiyo barua ya Agosti au Septemba ina uzito. Ya wiki ya mitihani watakuambia umechelewa, na watakuwa na haki.

Ukishazungumza nao, rudi hosteli uwaandikie muhtasari jioni ileile: "Asante kwa kunipokea. Tumekubaliana hiki na hiki." Wafanyakazi hubadilishwa, faili hupotea, lakini baruapepe yenye tarehe hubaki. Zikipita wiki mbili bila jibu, itume tena, nakala iende kwa mkuu wa idara yako. Wakikataa kabisa, omba sababu kwa maandishi, kisha mtafute mwakilishi wa wanafunzi wenye ulemavu katika serikali ya wanafunzi kama chuo chenu kinaye. Nje ya chuo kuna Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo liliwekwa kisheria kusimamia mambo haya. Sidhani kama utafika huko.

Kwenye habari ya kundi, binti yangu, siko upande wako, na umetaka niseme waziwazi. Wale wenzako hukuwasahihisha, uliwafuta. Walifanya kazi wakaileta. Wewe ukaitupa usiku bila kuwauliza, kisha ukaiwasilisha na majina yao juu yake. Hata kama alama zilikuwa nzuri, mtu huona umemwambia kwamba hafai. Ulipoona makosa ungeandika kikundini: "Sehemu ya pili ina makosa ya rejea, naomba nizirekebishe, mnakubali?" Wangekubali, pengine kwa furaha, kwa sababu nani anapenda kuandika rejea? Tena hapo ndipo penye nafasi yako. Kundi linalofuata, siku ya kwanza, sema wewe ni mtu wa kuhakiki: rejea, hesabu, majedwali, mpangilio wa mwisho. Kila kundi linahitaji mtu huyo na hakuna anayeigombea kazi hiyo. Omba mgawanyo uandikwe kikundini, nani anafanya nini na lini. Na kwa kuwa sasa hakuna anayekuchukua, usizunguke ukiomba. Mwombe mratibu akupange mwenyewe kwenye kundi dogo. Hilo nalo linaingia kwenye ile barua kama utapenda.

Kuhusu kumtazama mkubwa usoni, kwetu mtoto hufundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, halafu akifika chuoni anaambiwa ainue! Usijitese. Mwanzoni mwa mazungumzo sema, "Mwalimu, nikitazama chini ndiyo ninasikiliza vizuri." Mara nyingi sentensi hiyo inatosha. Asiyetosheka nayo, mwandikie badala ya kumwendea.

Wasichana wengi hugundulika wakiwa wakubwa kama wewe, kwa sababu walijifunza mapema kuiga wenzao: wanacheka wakicheka, wananyamaza wakinyamaza. Kuiga huko kunachosha kuliko masomo, na nadhani ndiko kulikokunyima usingizi na chakula. Kwa hiyo rudi kwa daktari kwa ajili ya hayo mawili. Usonji hauna dawa ya kuuondoa wala hauhitaji, lakini wasiwasi na kukosa usingizi vina msaada wake. Viziba masikio vya sponji uliza famasi. Hosteli, msimamizi akikuahidi chumba kisichoelekea barabarani, mkumbushe kabla muhula haujaanza, maana vyumba hivyo huisha kwanza.

Mama mwache asome dua zake. Kisomo kinachokutuliza na kumtuliza yeye sikikatazi. Lakini mtu akisema una mapepo ya kutolewa kwa kukufungia ndani, kukupiga au kukunyima chakula, kataa kabisa, na hapo Baba atakuwa upande wako. Mweleze Mama kwamba yeye ndiye aliyemsaidia daktari kujua, kwa zile habari za utotoni. Nina hakika anajilaumu kuliko anavyokuonyesha.

Ile riteki ya takwimu usiiogope wala usiiahirishe. Angalia somo linatolewa tena muhula gani, jiandikishe, na kwenye barua litaje kwa jina na msimbo wake kwamba ndilo somo la kwanza unaloombea chumba kidogo. Ofisi hupata wepesi ikiwa na mtihani mmoja wa kupanga kuliko mitano. Huo ukipita salama, mingine itafuata kwa utaratibu uleule.